Turubai Lililozidi Hema

Hema letu ni la mtumba. Tulilichomoa kwenye rundo soko la Memorial, hapa Moshi, limesokomezwa ndani ya gunia la sandarusi. Fito zote zilikuwepo, vigingi vinne havikuwepo, na lebo yake ilikuwa ya Kijerumani. Muuzaji aliapa kwamba halijawahi kuonja mvua. Tulilisimamisha uani, watoto watatu wakahamia humo siku mbili, hata chakula wakataka wapelekewe hukohuko, nikajua hela yetu haijaenda bure.

Kitu ambacho hakikuwemo kwenye lile gunia, na ambacho hatukujua kama kinatakiwa kuwemo, ni kitandiko cha chini ya hema. Sisemi sakafu, ile iliyoshonwa pamoja na hema lenyewe. Ni kipande kingine kabisa, kinachotangulia ardhini kabla hema halijasimama juu yake. Mahema mengine huuzwa na cha kwake, kimekatwa kwa umbo la sakafu. Sisi tuliona pengo hilo litazibwa na turubai lolote, na kwa mtu aliyekulia Uchagani kama mimi turubai halina fumbo: la kuanikia mahindi, la kufunikia mchanga wa ujenzi, la kuzuia jua msibani. Likiwa kubwa ndilo zuri. Nani amewahi kulalamika kwamba turubai limezidi?

Baba Neema akanunua la mita tano kwa nne. Sakafu ya hema ni mita nne na nusu kwa tatu. "Litatokeza kidogo kila upande," aliniambia, amefurahi kweli, "watoto watavulia viatu hapo."

Desemba hiyo tukapanda Lushoto. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kona tupu, na wetu wa mwisho alitapika mara mbili kabla hatujafika Soni. Tulipiga hema pembezoni mwa msitu wa Magamba, kwenye kiwanja kidogo chenye udongo mwekundu unaonata. Jioni mlinzi wa pale, mzee wa Kisambaa, alipita akasimama. Akatazama turubai lililotokeza pande zote nne, akatazama mawingu.

"Hizi pembe mtazikunja?"

"Hapana mzee, hapo ni pa viatu," Baba Neema akamjibu.

"Haya," akasema mzee, akaenda zake. Ile "haya" naisikia mpaka leo.

Mvua ilianza kama saa nne usiku. Haikuwa na radi wala vishindo, ilinyesha tu taratibu bila kupumzika, kama kibarua aliyelipwa kwa siku. Tulilala vizuri. Saa nane Neema akanitikisa bega. "Mama, huku chini kunacheza."

Niliweka kiganja sakafuni. Kulikuwa na baridi na kulainika, ukibonyeza hapa panavimba pale, kama pakiti ya maziwa. Nikawasha tochi ya simu, nikapitia mshono mmoja baada ya mwingine huko juu: pakavu. Nikapiga magoti ili nisogeze begi la nguo, na nilipoinuka nikaona alama mbili za duara zimekolea pale yalipokuwa magoti yangu, wakati kiganja kimoja tu pembeni sakafu ilikuwa kavu. Nikakandamiza kiwiko, nacho kikaacha alama yake. Ndipo nikaelewa kwamba maji yale yalikuwa yametulia tu chini yetu, na sisi ndio tuliokuwa tunayakamua kuyaingiza ndani kila tunapojigeuza. Magodoro mawili yalikuwa yameshakunywa. Tulimalizia usiku ndani ya gari, watu watano, vioo vimejaa ukungu wa pumzi zetu.

Asubuhi mzee akarudi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, mmeamkaje?" Hakungoja jibu. Aliinama akainua ncha ya turubai upande wa mteremko, na maji yakatoka kwa kasi kama mtu amefungua bomba. "Mlitega beseni," akasema, "halafu mkaweka nyumba ndani yake."

Mimi nafundisha hesabu sekondari, kwa hiyo nikiwa bado nimeloa nilianza kupiga hesabu, ndiyo namna yangu ya kutuliza hasira. Turubai ni mita za mraba 20. Sakafu ya hema ni 13.5. Zinazobaki nje, zinazotazama mbingu, ni 6.5. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ikinyesha milimita 20, ambayo kwa milima ile si mvua ya kumshangaza mtu, ukingo ule peke yake unakusanya lita 130, yaani ndoo sita na nusu. Hapo bado maji yanayotiririka kutoka kwenye koti la hema, kile kitambaa cha juu cha kuzuia mvua, ambayo nayo yaliangukia palepale pa kuvulia viatu. Yakishafika juu ya turubai hayana njia ya kuzama ardhini. Yanatambaa kwenda panapobonyea, na panapobonyea ni pale walipolala watu.

Na ile lebo ya Kijerumani, nilipoipitisha kwenye simu, ilikuwa inasema sakafu inahimili milimita 3,000. Maana yake ni kwamba kitambaa kikipimwa kwa mnara wa maji wa mita tatu juu yake ndipo kinaanza kupenyeza. Unaposikia hivyo unaona ni nyingi mno, nani atalala chini ya mita tatu za maji? Lakini mtu wa kilo 60 akipiga magoti, uzito wake wote ukaangukia eneo la sentimita za mraba 100, anakandamiza kwa nguvu sawa na maji ya kina cha mita sita. Magoti yangu yalikuwa yameipita lebo mara mbili. Kwa hema jipya, nadhani. Letu huenda lilikuwa limeshashuka zamani.

Njiani kurudi Baba Neema hakuongea mpaka Same. Tulipofika Same akasema, "Hilo turubai silitaki tena." Sikubisha. Ushahidi wote ulikuwa upande wake.

Kwa hiyo safari ya pili, Julai, tulienda bila kitu chochote cha chini. Ziwa Chala si mbali na kwetu. Liko ndani ya kreta chini ya Kilimanjaro, upande wa Rombo, mpaka wa Tanzania na Kenya unakatiza katikati yake, na maji yake mengi yanapenya chini kwa chini kutoka mlimani. Kiangazi, anga safi, ardhi kavu kama unga. Nani anahitaji turubai? Tulipiga hema chini ya mgunga kwa sababu ya kivuli, na kila mtu aliyewahi kuchunga mbuzi ameshajua kilichofuata.

Miiba ya mgunga mikavu ni myeupe, mirefu kama kidole cha mtoto, na ikianguka huchanganyika na majani mpaka huioni. Tulifagia kwa miguu, yaani hatukufagia. Usiku godoro la upepo la mwanangu wa kati likaanza kulia fyuuu, taratibu, na kabla ya saa sita alikuwa amelala juu ya mawe. Asubuhi nilikunja godoro nikakuta ncha ya mwiba imechomoza kutoka sakafuni, imesimama wima, kama sindano ambayo fundi ameisahau kwenye nguo. Nilihesabu matundu saba kwenye sakafu ya hema. Matano ya miiba na mawili sijui ya nini, labda ya kokoto, kwa sababu kokoto za pale ni za mlipuko wa volkano, zina kingo kali kama chupa iliyovunjika.

Tundu la mwiba ni dogo hata mchwa anapita kwa shida. Lakini sakafu ya hema ikishatobolewa hairudi ilivyokuwa. Unaweza kubandika kiraka, sisi tulibandika saba, ila hema lile likiwekwa tena juu ya udongo uliolowa unaanza kuomba dua.

Aliyetutoa gizani ni mdogo wangu wa kiume. Ni mgumu, kama tunavyowaita hapa wapagazi wa mlimani, na kwa miaka kadhaa amepiga na kung'oa mahema ya wageni kwenye kambi za Shira, Karanga na Barafu, hiyo ya mwisho kwenye mita 4,600 hivi ambako ardhi yote ni mawe yaliyopasuka. Alikuja nyumbani kula, akanikuta nabandika viraka sebuleni. Nikamsimulia yote mawili, ya Lushoto na ya Chala. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Dada, ninyi mlitaka turubai lizuie mvua."

"Sasa turubai linazuia nini?"

"Linazuia mawe. Mvua ni kazi ya koti la juu. Kati ya hema na jiwe, lazima kitu kimoja kichanike. Unachagua cha bei rahisi, unakitanguliza. Basi." Akachukua kijiko, halafu akakiweka tena. "Na lisionekane. Ukishamaliza kupiga hema, zunguka. Ukiliona turubai popote, umekosea."

Hayo maneno ya mwisho yalikuwa na thamani kuliko yote tuliyoyajua. Lisionekane. Mzee wa Magamba alikuwa ameshatuambia kitu hichohicho kwa swali, sisi tukamjibu habari za viatu.

Tulilipeleka lile turubai la Lushoto kwa fundi anayeshona maturubai ya malori. Kwanza alikataa kulikata, akasema zima lina thamani zaidi. Nikamsihi. Tulikuwa tumelisimamisha hema uani siku iliyotangulia na kuipima sakafu ikiwa imewambwa kwa vigingi, kwa sababu vipimo vya kwenye lebo na vya sakafu iliyovutwa havikulingana, upishano ulikuwa karibu kiganja kizima. Akakata sentimita kumi ndani ya kipimo hicho kila upande. Akakunja ukingo, akashona, akapiga pete za chuma kwenye pembe nne na katikati ya pande ndefu, kisha tukafunga vitanzi vya lastiki, ile ya kiunoni mwa sketi, vinavyonasa kwenye vigingi vilevile vya hema. Lastiki ni wazo la mdogo wangu. Kamba ya kawaida ikikaza inalivuta turubai mpaka linatokeza upande mmoja, na lastiki inasamehe. Kipande kilichobaki tukakitengea barazani, pale mbele ya mlango wa hema panapofunikwa na koti, ndipo pa viatu sasa. Baba Neema alipata alichotaka tangu mwanzo, ila kikiwa kimetengana na sakafu, na hakitoki nje ya koti.

Ukiwa huna fundi, au umeazima turubai la mtu ambalo huwezi kulikata, kunja kingo. Hapa watu wengi hukosea hata wakishajua siri yenyewe: wanazikunja kwenda juu, wakidhani wanajenga ukuta wa kuzuia maji. Unakuwa umetengeneza mfereji kando ya kitanda. Kunja kwenda chini, mkunjo ulale ardhini, maji yakidondoka kutoka kwenye koti yaangukie udongo na kuzama.

Tumelijaribu Lushoto tena, kiwanja kilekile, Novemba. Ilinyesha usiku mbili. Sakafu ilibaki kavu, na mzee alipopita jioni alizunguka hema kimyakimya kama mkaguzi, hakuona kitu, akasema "haya" nyingine, tofauti na ya kwanza.

Kuna usiku mmoja tu lilitutia wasiwasi, nao ni wa Ngorongoro, kwenye kambi ya Simba juu ukingoni mwa kreta. Kule ni zaidi ya mita 2,000, ukungu unaingia jioni na kulala na ninyi, pundamilia wanakata nyasi karibu na hema mpaka unasikia meno yao. Hakukunyesha hata tone. Asubuhi tukanyanyua magodoro na chini yake kulikuwa kumelowa, unaweza kukamua. "Tundu!" Baba Neema akasema, na tayari alikuwa anatafuta viraka.

Lakini pembeni, pasipolaliwa na mtu, sakafu ilikuwa kavu. Maji yangekuwa ya chini yangekuwa kote, au yangefuata mteremko. Haya yalikuwa na umbo la watoto. Joto na jasho la mtu vinashuka kupitia godoro, vinakutana na sakafu ya plastiki iliyopoa usiku kucha, vinageuka maji, kama sufuria ya ubwabwa inavyodondosha maji ukifunua mfuniko. Tulipong'oa hema, upande wa chini wa sakafu nao ulikuwa na unyevu, umenaswa kati ya sakafu na turubai. Kitandiko hakiondoi hilo, na sitaki mtu akinunue akidhani kitaondoa. Dawa tuliyoipata ni mkeka wa ukindu chini ya magodoro, ili hewa ipite, na kuacha dirisha la juu wazi kidogo hata kama baridi inakera. Tangu tuanze kubeba mkeka, magodoro yanaamka makavu.

Faida ambayo hakuna aliyeniambia, na ambayo sasa naiona kubwa karibu kuliko ya miiba, ni asubuhi ya kuondoka. Zamani sakafu ilinyanyuka na udongo mwekundu uliogandamana, tunaufuta kwa majani, tunaukunja nao ndani, tukifika nyumbani tumechoka tunalitupa hema stoo. Plastiki nyembamba iliyopakwa ndani ya hema haipendi kukunjwa mbichi ikawekwa joto. Inaanza kunata, inatoa harufu kama ya maziwa yaliyochacha, halafu inabanduka magamba. La kwetu lilishaanza kunata pembe moja. Sasa uchafu wote unabaki kwenye turubai, hema linakunjwa safi, turubai linasafiri kivyake kwenye mfuko wa salfeti, na nyumbani linamwagiwa maji na kuanikwa. Mtoto wa miaka minane anaiweza kazi hiyo.

Pwani ni habari nyingine. Ushongo, kusini ya Pangani, mchanga ni laini, maji yanazama hapohapo, na hakuna mwiba. Siku ya kwanza tulilitandika kwa mazoea, na joto lililojikusanya chini usiku lilituamsha wote. Siku ya pili tukalitoa tukalifunga kivulini kati ya minazi miwili, mbali na madafu yasije yakatuangukia, watoto wakacheza bao chini yake. Lakini nilipita kwanza mahali pa hema kwa mikono, nikaokota vipande vya matumbawe na ganda moja la kombe lenye makali. Kutafuta kwa mikono ndiyo hatua ambayo hatuiruki popote sasa, turubai liwepo lisiwepo. Kila mtu anapiga magoti, mstari mmoja, tunasogea kutoka upande huu hadi ule. Watoto wanapewa mia kwa kila mwiba. Chala, tuliporudi mara ya pili, nilipoteza elfu nne na mia mbili.

Wiki iliyopita turubai lilikuwa juani kwenye kamba baada ya safari, na Neema akasimama nyuma yake akahesabu mianga inayopenya: matundu 31. Sakafu ya hema bado ina yaleyale saba ya Chala. Baba Neema akasema sasa limekwisha, tukate jingine. Mama Happy, jirani, alikuwa anatusikiliza kutoka upande wa pili wa michongoma.

"Mama Neema, kama mnalitupa nipeni mimi nianikie mahindi."

"Lina matundu, mama Happy."

"Kwani mahindi yanavuja?"